Wati Mia Tatu Tisini na Mbili

Barua ya kumsimamisha kazi Sista Mwenya ilikuwa imeshachapwa. Bana Lombe aliiona kwa macho yake Jumatatu asubuhi, alipopanda ngazi kwenye ofisi ya katibu kubadilisha kishikio cha taa ya dari. Ilikuwa mezani, wazi, imebaki saini tu. Akiwa kule juu, bisibisi mkononi, aliusoma mstari mmoja: "kwa uzembe uliosababisha mtoto mchanga kupoteza joto." Akausoma tena. Kisha akafunga skurubu za kishikio, akajaribu taa, ikawaka, akashuka.

Jina lake hasa lilikuwa Nkandu Nsofwa, lakini tangu amzae Lombe, mtoto wake wa kwanza, alikuwa Bana Lombe, yaani Mama Lombe, na hakuna aliyemwita Nkandu isipokuwa karani wa mishahara. Alikuwa fundi umeme wa hospitali ya Chisembe kwa miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo alikuwa kwenye karakana ya mgodi, kule Luanshya, akifunga upya waya za mota, mwanamke pekee kati ya wanaume arobaini. Mwaka wa kwanza walimtuma chai. Mwaka wa pili walimtuma chai. Mwaka wa tatu mota ya pampu ilikataa kuzunguka mbele ya wote, yeye akaonyesha kwa kidole mahali waya ulipogusana, na tangu siku hiyo kila mtu alijichemshia chai yake mwenyewe.

Kilichompata Mwenya kila mtu pale hospitalini alikijua. Mwezi wa tano vililetwa vitanda vinne vipya vya joto, vile vyenye koili juu inayommulikia mtoto kama jua dogo, kwa ajili ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Vilipokelewa kwa nyimbo na picha. Bana Lombe aliomba siku moja ya kuvipima kabla havijatumika. Ba Siame, msimamizi wa hospitali, alimwambia: "Upime nini, mama? Kibati cha nyuma kinasema kila kitu. Volti mia mbili thelathini, wati mia sita. Vimetoka kiwandani vikiwa tayari." Basi vikafungwa. Mwezi wa sita ukaja na baridi yake, ile inayofanya pumzi ya mtu ionekane asubuhi, na watoto wakaanza kupoa. Nyuzi thelathini na tano. Thelathini na nne na nusu. Ba Siame akaandika tangazo kwamba manesi waache kufungua madirisha. Manesi wakasema hawafungui. Akaandika la pili.

Kisha mtoto wa Dorika akafa. Alizaliwa mimba ikiwa na miezi saba, kilo moja na gramu mia mbili. Aliishi siku tatu, na zamu ile ilikuwa ya Mwenya.

Bana Lombe alimkuta Mwenya kwenye chumba cha mashuka, akikunja mashuka ambayo tayari yalikuwa yamekunjwa.

"Niambie ukweli, mwanangu," alimwambia. "Ulimwacha wazi?"

Mwenya aligeuka. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakuwa analia. Alikuwa na hasira. "Na wewe pia, Bana Lombe?"

"Mimi nauliza. Wale wengine wameandika bila kuuliza."

"Nilimvisha kofia. Nilimvisha soksi. Nilipandisha kitasa cha joto mpaka mwisho, kikagoma kwenda mbele. Ukiweka mkono wako chini ya ile koili, mama, ni kama jua la saa kumi na mbili asubuhi. Unaliona, lakini halikufiki. Nilimwambia Ba Siame. Akasema mikono ya manesi siyo kipimajoto."

"Hapo kasema kweli," alisema Bana Lombe. "Mkono siyo kipimo. Ngoja nikalete kipimo."

Alirudi na mita yake ya kubana, ile inayofunguka mdomo kama kaa na kuukumbatia waya, pamoja na waya wa nyongeza aliokuwa ameuchana ngozi ya nje ili nyuzi zake zitengane. Ukibana waya wote kwa pamoja, mita husoma sufuri, kwa sababu umeme unaokwenda na unaorudi hufutana. Lazima ubane uzi mmoja peke yake. Ni jambo dogo, lakini aliwahi kuona watu wenye shahada wakilisahau.

Vitanda viwili vilikuwa vitupu. Akaanza na hivyo. Akachomeka, akapandisha kitasa hadi nguvu kamili, akasubiri koili iwe nyekundu. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa na rangi ya embe lililoiva nusu. Akina mama waliokuwa wamekaa ukutani, watoto vifuani chini ya vitenge, walimtazama.

"Bana Lombe," mmoja aliita, "unavipima presha?"

"Ndiyo, mama. Na presha yenyewe imeshuka."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Mita ilisoma volti mia mbili ishirini na nane kwenye soketi. Umeme ulikuwa mzuri, mzuri kuliko siku nyingi. Kisha akabana uzi mmoja. Ampea moja nukta saba mbili.

Akasimama akiitazama ile namba. Hakuhitaji kikokotoo kujua kuna jambo, maana mia sita ukiigawa kwa mia mbili thelathini inakuja mbili nukta sita. Alichukua kipande cha boksi la sindano, akaandika kwa kalamu, polepole, kama alivyofundishwa. Volti ni msukumo. Ampea ni kiasi kinachopita. Gawanya msukumo kwa kinachopita, utapata ukinzani wa ule waya: omu mia moja thelathini na mbili na nusu. Kibati kilitaka themanini na nane. Zidisha msukumo kwa kinachopita, utapata nguvu: wati mia tatu tisini na mbili.

Mia tatu tisini na mbili. Siyo mia sita.

Akakizima, akakiacha kipoe, akapima ukinzani wa koili ikiwa baridi: mia moja ishirini na tisa na nusu. Akaandika na hiyo. Kisha akahamia kitanda cha pili, na watoto walipotolewa kunyonyeshwa akapima cha tatu na cha nne. Moja nukta saba moja. Moja nukta saba tatu. Moja nukta saba mbili. Kimoja kingekuwa kibovu, angesema kimeharibika. Vinne vinavyofanana hivyo haviharibiki. Vimetengenezwa hivyo. Mtu mahali fulani aliweka koili ya wati mia nne, akapigilia kibati cha mia sita.

Ukutani kulikuwa na ubao mweupe ambapo manesi waliandika uzito wa watoto kila siku. Bana Lombe aliusogelea, akatafuta pembe iliyo wazi, akaandika kwa herufi kubwa: kibati kinasema hivi, mita inasema hivi. Kitanda kwa kitanda. Chini yake akaandika jina lake lote na tarehe.

"Ba Siame ataufuta," alisema Mwenya.

"Afute. Nitaandika tena."

*

Kikao kilikuwa Jumanne saa nne ofisini kwa Ba Siame. Kampuni iliyoleta vitanda ilimtuma mtu wake kutoka Ndola, Injinia Hachipuka, kijana mtanashati mwenye viatu vilivyong'aa kama vinakwenda harusini. Alikuja kuthibitisha kwamba vitanda havina tatizo. Mwenya aliketi kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani.

Bana Lombe hakualikwa. Alibisha hodi, akaingia kabla hajajibiwa.

"Taa zinawaka vizuri, mama," alisema Ba Siame. "Asante. Tuko kwenye kikao."

"Ndicho nilichokuja. Vitanda vile vinatoa wati mia tatu tisini na mbili. Nimevipima vyote vinne."

Ba Siame alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepiga picha na waziri akiwa ameshika mkasi wa utepe mbele ya vitanda vile, na picha ilikuwa imetundikwa nyuma ya kiti chake. "Bana Lombe. Wewe ni fundi wetu mzuri. Lakini hii ni mitambo ya hospitali, siyo pasi."

"Umeme haujui kama uko hospitalini, Ba Siame. Koili ya pasi na koili ya mtoto zinafuata hesabu moja."

Injinia alitabasamu. "Mama yangu, kwa heshima zote. Umeme wa huku mikoani unashuka sana. Volti ikishuka, nguvu inashuka. Siyo kosa la kifaa."

"Volti ilikuwa mia mbili ishirini na nane."

"Kwa mita ipi?"

"Yangu."

"Ya mwaka gani?"

"Ya mwaka uliokuwa unajifunza kutembea. Umekuja na yako?"

Injinia aliliangalia begi lake. Halikuwa jambo alilolitaka, ilionekana. "Ninayo, lakini hatukuja kwa ajili ya..."

"Basi twendeni wodini."

"Hakuna anayekwenda wodini," alisema Ba Siame. "Ajenda ya kikao hiki ni mwenendo wa Sista Mwenya."

Kisha Mwenya aliinuka. Alinyoosha sare yake, akakirudisha kiti chake mezani.

"Sista, hatujamaliza."

"Mimi ndiye ninayesimamishwa, Ba Siame," alisema Mwenya. "Kama kuna kitu cha kutazama, nakwenda kukitazama. Mkiniandikia barua mbili, sawa tu."

Akatoka. Bana Lombe akamfuata. Wanaume wawili wakabaki wanatazamana na meza, na kwa kuwa hakuna kikao kinachoweza kumhukumu mtu aliyekwisha kuondoka, na wao wakainuka.

Wodini akina mama walisogea. Dorika alikuwa pale pia, kwenye kitanda cha mwisho. Alizaa kwa kupasuliwa na kidonda chake hakijapona, kwa hiyo alilala siku zote akisikia watoto wa wenzake wakilia. Alijiinua kwa kiwiko.

"Pima wewe," Bana Lombe alimwambia injinia. "Kwa mita yako. Mimi sitagusa kitu."

Alipima. Volti mia mbili ishirini na tisa.

"Sema kwa sauti," alisema Bana Lombe. "Akina mama nao wasikie."

"Mia mbili ishirini na tisa."

"Umeme umeshuka?"

Injinia akachukua waya wa nyongeza, akabana uzi mmoja. Alitazama mita, akaifungua, akabana tena, kama mtu anayepiga simu mara ya pili akidhani amekosea namba.

"Moja nukta saba tatu," alisema.

"Zidisha."

"Mama, siyo rahisi hivyo. Koili ikipata moto, ukinzani wake unapanda. Ukipanda, mkondo unapungua. Ni jambo la kawaida, liko vitabuni."

"Liko," Bana Lombe alikubali, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, maana hapo ndipo alipomngojea. "Waya wa taa ya zamani unapanda mara kumi. Waya huu siyo ule. Huu ni wa kupashia joto. Umechanganywa makusudi usibadilike. Nimeupima baridi, nimeupima moto. Mia moja ishirini na tisa na nusu, mia moja thelathini na mbili na nusu. Omu tatu tu. Asilimia mbili na kidogo. Wewe unatafuta theluthi nzima ya joto la watoto hawa. Itoke wapi?"

Mwanamke mmoja alipiga makofi mara moja, pa! Mwingine akasema, "Mjibu basi, bwana wa viatu." Kicheko kikapita wodini, kikali, kisicho na furaha.

Ba Siame alikuwa anausoma ubao. Aliusoma juu hadi chini, akarudi juu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Injinia," alisema polepole, "kibati kile alikiweka nani?"

"Itabidi niulize ofisini."

*

Injinia Hachipuka alimfuata Bana Lombe kwenye korido. Hakuwa tena na tabasamu, na bila tabasamu alionekana mdogo kuliko umri wake.

"Mama, tusaidiane. Wewe ni fundi, unaelewa. Ukiufupisha waya kwa theluthi moja, ukinzani unakuja themanini na nane. Unapata mia sita yako leo hii. Hakuna barua, hakuna kelele. Watoto wanapata joto."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomkera. Bana Lombe aliwaza watoto wawili waliokuwa mle ndani saa hiyo na usiku wa baridi uliokuwa unakuja, na kwa muda mfupi kidole gumba chake kilijisugua chenyewe, kama tayari kimeshika koleo.

"Waya ule una unene wa kubeba ampea moja na nusu, labda mbili," alisema. "Ukibebeshwa mbili na nusu kila saa, kila siku, utakatika. Utakatikia wapi? Juu ya mtoto. Vipande vya moto vitamwangukia nani? Wewe?"

"Ungedumu miezi michache, mpaka..."

"Toka kwenye korido yangu."

Ba Siame naye alijaribu, saa nane mchana, kwa upole. Kulikuwa na hati ya kupokea vitanda ambayo fundi wa hospitali hakuwa ameisaini; bila saini hiyo ingeonekana hospitali ilivitumia bila kuvipima, na wa kuulizwa angekuwa Ba Siame. Kama Bana Lombe angesaini kwa tarehe ya mwezi wa tano, Mwenya angeachwa, mambo yangetulia. Na mkataba wake si ulikuwa unaisha Desemba?

"Unataka niseme nilivipima wakati ulinikatalia kuvipima."

"Nataka uifikirie hospitali."

"Naifikiria. Imelala kule wodini na kofia kichwani." Aliisukuma hati ile mezani hadi ikamgusa mkono. "Mkataba uishe. Nina mikono. Na ukimpa Mwenya barua ile, nitaubeba ubao ule mgongoni niupeleke kwa wakuu wa afya Ndola kwa miguu."

Barua haikutolewa. Hakuna aliyemwambia Mwenya samahani. Siku iliyofuata jina lake lilikuwa kwenye ratiba ya zamu kama kawaida, na ndivyo ilivyokuwa.

Vitanda vilizimwa Jumanne ileile. Watoto walifungwa vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, na mama aliyechoka alipokezana na bibi au shangazi. Bana Lombe aliziba nyufa zote za madirisha, akaleta hita mbili za ofisi, moja ikiwa ya Ba Siame mwenyewe. Alizipima kwanza.

Alipokuwa anaifunga ya pili, Dorika alimwita.

"Bana Lombe. Mimi sitaki maneno mengi. Kile kitanda ndicho kilichomuua mwanangu?"

Bana Lombe alikaa ukingoni mwa kitanda. Angeweza kusema ndiyo. Moyo wake ulitaka kusema ndiyo. "Sijui, mama," alisema. "Alikuwa mdogo sana. Hesabu yangu haifiki huko. Inachoniambia ni hiki: aliahidiwa joto la mia sita, akapewa la mia tatu tisini na mbili. Hilo nitalisema mahali popote, mbele ya mtu yeyote. Kwamba ni mkono wa Mwenya, hapana. Kwamba ni wewe, hapana kabisa."

Dorika alitazama dari. Machozi yalimtoka kwa pembeni, yakaingia masikioni. "Zirudie zile namba," alisema.

Akazirudia. Dorika akazisema naye, volti, ampea, omu, wati, mpaka alipoweza kuzisema peke yake.

*

Mwezi wa nane Bana Lombe aliitwa Ndola kujieleza kwa nini aliandika mambo ya hospitali ukutani, mbele ya wagonjwa. Wakuu watatu wa afya walikaa mezani. Walimuuliza nani alimpa ruhusa ya kupima. Alisema kila kinachochomekwa kwenye soketi zake amekipa ruhusa yeye, siyo kinyume chake. Wakamuuliza kama anajuta. Akasema anajuta hakupima mwezi wa tano, hata kama ingebidi avunje mlango.

Nje, kwenye benchi, alimkuta Dorika. Alikuwa amekuja na basi la asubuhi, na mama zake wadogo wawili, na alikuwa amekataa kuondoka mpaka apewe nafasi ya kuongea. Walimpa dakika tano. Alizitaja namba bila karatasi, moja baada ya nyingine, na mmoja wa wakuu alianza kuziandika.

Bana Lombe alipewa karipio la maandishi. Hospitali zote zilizopokea vitanda kutoka kampuni ile ziliamriwa zivipime. Vilikuwa kumi na tisa. Kumi na vinne vilikuwa na koili ndogo. Kampuni ilisema ni kosa la ghala. Desemba mkataba wake haukuongezwa, kisha Januari wakampigia simu arudi, kwa sababu jenereta ilikuwa imekufa na hakuna mwingine aliyejua ilivyounganishwa. Alirudi kwa sharti moja, lililoandikwa: hakuna mashine inayowekwa mtoto kabla yeye hajaipima.

Vitanda vipya vilikuja Machi, mvua ikinyesha. Waliovileta walikuwa watu wengine, wa kampuni nyingine, vijana wenye haraka.

"Hivi vimethibitishwa, mama," alisema mkubwa wao, akinyoosha hati. "Muhuri huu hapa. Tunaomba tu usaini, tuna safari."

Mwenya, aliyekuwa ameegemea mlango na mtoto wa mtu begani, alimwambia, "Kaa chini, kaka. Bado mapema."

Bana Lombe alichomeka, akapandisha kitasa mpaka mwisho, akafungua mdomo wa mita. Koili ilianza kubadilika rangi. Vijana walitazama saa zao.

"Tutakaa sana?" aliuliza mmoja.

"Vitanda viko vitano," alisema Bana Lombe, akiubana uzi mmoja. "Hesabu mwenyewe."